Bomba la Maji ya Ziada katika Bwawa la Samaki

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: ukingo, ziada, mdomo wa bomba, kichujio, elbo, kuziba, kuvuja.

Natumaini mmekwisha kaa, na taa imewekwa mahali ambapo kila mtu anaona ubao. Mwalimu wa darasa amekwisha andika maneno saba. Yasomeni pamoja naye, polepole, neno moja moja.

(Kituo kifupi.)

Vizuri. Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuchimba bwawa la samaki na kupanda sato ndani yake. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukisahau, nacho ni bomba la kutolea maji ya ziada. Ziada maana yake ni kile kinachozidi. Bwawa lina kipimo chake. Maji yakizidi kipimo hicho, hayana budi kutoka. Yasipopewa njia, yatajitafutia njia yenyewe, na njia hiyo haitampendeza mwenye bwawa.

Kwanza tulifahamu bwawa letu. Tuchukue bwawa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Andikeni: 20 mara 10 ni 200. Basi bwawa hili lina uso wa mita za mraba 200. Kandokando yake uko ukingo wa udongo ulioshindiliwa. Ukingo huu umepanda juu ya maji kwa sentimita 30, yaani kiasi cha urefu wa rula ya mtoto wa shule. Sentimita hizo 30 ni akiba yetu. Ndizo zinazotutenga na hasara.

Upande wa juu unaingia mfereji mdogo wa maji. Upande wa chini, mahali penye kina kirefu, limesimama bomba la plastiki la inchi 4. Mdomo wake unatazama juu, nao uko sawasawa na uso wa maji. Chini kabisa, bomba hili lililosimama limeungwa na bomba lililolala kwa kiungo kilichopinda, ambacho mafundi hukiita elbo. Bomba lililolala linapita chini ya ukingo na kutokea nje. Maji yakipanda kupita mdomo, huingia ndani ya bomba, hushuka, hupita chini ya ukingo, na kutoka nje. Maji yakirudi kwenye kipimo, bomba hunyamaza. Hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo roho ya somo letu. Twendeni kwenye mfereji unaoingiza maji, tukiwa na ndoo ya lita 20 na mtu mwenye saa. Tukinge maji. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 10. Basi kila sekunde zinaingia lita 2. Kwa dakika moja ni lita 120. Kwa saa moja ni lita 7,200. Maji hayo yakitandazwa juu ya bwawa letu la mita za mraba 200, yataupandisha uso wa maji kwa sentimita 3 na nusu hivi kila saa.

Je, bomba likiziba jioni, itakuwaje? Gawanyeni 30 kwa 3 na nusu. Mtapata saa 8 na kitu. Mtu akienda kulala saa 3 za usiku huku bomba limeziba na mfereji uko wazi, kabla ya saa 12 alfajiri maji yatakuwa yanapita juu ya ukingo. Maji yakianza kupita juu ya udongo, huula. Hufanya kijito kidogo, kijito huwa mfereji, na mfereji huwa pengo. Asubuhi mwenye bwawa atakuta tope tupu. Kama alipanda sato 2 katika kila mita ya mraba, basi samaki 400 wamekwenda na maji. Ametumia miezi 6 au zaidi akiwalisha, na vyote vimepotea kwa sababu ya majani mkono mmoja yaliyoziba mdomo wa bomba.

Ndiyo maana tunasema, bomba la maji ya ziada ni dogo kwa umbo, lakini ndilo mlinzi wa bwawa. Na mlinzi huyu haugui bila kutoa dalili. Kazi yetu leo ni kujifunza kuzisoma dalili hizo, kama vile tunavyojifunza kusoma herufi.

(Kituo kifupi. Mwalimu wa darasa arudie hesabu ubaoni.)

Sasa tuendelee. Mtu akiona bwawa lina kasoro, mara nyingi hushika jembe na kuanza kufukua. Nawasihi, msifanye hivyo. Tazama kabla ya kugusa. Yako maswali mawili tu ya kujiuliza.

Swali la kwanza: uso wa maji uko wapi? Uko juu ya mdomo wa bomba, au chini yake?

Swali la pili: kule nje, mwisho wa bomba, maji yanatoka mengi, au machache, au hayatoki kabisa?

Maswali hayo mawili yanatupa majibu manne. Mwalimu ayaandike ubaoni.

Jibu la kwanza. Maji yako juu ya mdomo, lakini nje yanatoka machache. Maana yake: bomba limeziba.

Jibu la pili. Maji yako juu ya mdomo, na nje yanatoka kwa nguvu. Maana yake: bomba ni zima, lakini maji yanayoingia yamelishinda.

Jibu la tatu. Maji yako chini ya mdomo, na nje bado yanatoka. Maana yake: kuna mahali panapovuja.

Jibu la nne. Maji yako chini ya mdomo, na nje pakavu. Maana yake: maji yanapotea kwa njia nyingine, ama kwa jua na upepo, ama kwa kunywewa na udongo.

Mkiyajua majibu haya manne, mmekwisha pata nusu ya ufundi. Sasa tuyachukue moja moja.

La kwanza, bomba limeziba. Je, limeziba wapi? Laweza kuziba mdomoni, kwenye kichujio. Kichujio ni ule wavu unaofungwa mdomoni ili samaki wasitoke. Laweza pia kuziba ndani, au kule mwisho, nje. Tutajuaje bila kulifukua? Chungulieni ndani ya bomba kutoka juu. Ikiwa ndani maji yako chini sana, nayo yanadondoka kidogo kidogo, basi bomba ni wazi na kichujio ndicho kilichoziba. Maji yanataka kuingia, lakini wavu umejaa majani na utelezi. Lakini ikiwa ndani ya bomba maji yamejaa na kusimama sawa na maji ya bwawa, basi kichujio ni kizima na kizuizi kiko mbele zaidi, katika elbo, au ndani ya bomba lililolala, au kule mwisho.

Kama kichujio ndicho kilichoziba, ondoeni majani kwa reki au kwa mti mrefu. Msitumie mkono. Maji yakifunguka ghafla, bomba huvuta kwa nguvu sana, na mkono waweza kunaswa. Na watoto wasikaribie mahali hapo hata kidogo, kwa maana ndipo penye kina kirefu kuliko pote.

Kama kizuizi kiko mbele, anzeni kule nje, mwisho wa bomba. Mara nyingi utakuta nyasi zimeota mdomoni, au tope limejaa, au vyura wamefanya makao. Safisheni hapo kwanza. Yasipofunguka, ingizeni mwanzi mrefu mwembamba kutoka nje, mkisukuma polepole kuelekea ndani. Anayesukuma asisimame mbele ya bomba, bali kando, kwa sababu maji yakifunguka yatatoka na tope lake lote.

Kisha jiulizeni: kwa nini kichujio kiliziba? Mtu akiweka wavu wenye matundu madogo sana, hata samaki wachanga hawatoki, lakini majani machache tu yanatosha kuuziba. Akiweka wenye matundu makubwa, hauzibi upesi, lakini samaki wachanga wanakwenda zao. Afanyeje basi? Afanye kichujio kiwe kirefu na kipana. Badala ya kufunga kipande cha wavu juu ya mdomo kama kifuniko cha chungu, atengeneze kitu mfano wa tenga refu lililozunguka mdomo pande zote. Hapo majani yakiziba upande mmoja, pande nyingine zimebaki wazi.

Iko njia nyingine iliyo bora zaidi. Chukueni bomba pana zaidi, la inchi 6, mlivike juu ya lile la inchi 4 kama mtu anavyovaa kanzu. Chini kabisa mwa bomba hilo pana kateni matundu. Juu liachwe wazi, nalo lipande juu ya uso wa maji kwa sentimita 10. Sasa maji hayaingii tena kutoka juu, yanaingia kwa matundu ya chini, yanapanda katikati ya mabomba mawili, halafu yanaanguka katika mdomo wa lile la ndani. Faida ni mbili. Majani yanayoelea hayafiki mdomoni. Tena maji yanayotoka ni yale ya chini, yenye uchafu na hewa kidogo, na yale ya juu yenye hewa nzuri yanabaki kwa samaki. Na hata matundu ya chini yakiziba, maji yatapanda sentimita 10, yatafika juu ya bomba pana na kuingia kwa hapo, wakati ukingo bado una sentimita 20 za akiba. Kwa hiyo, angalieni sana: bomba la nje lisiwe refu kupita ukingo, la sivyo mmeifunga njia ya usalama kwa mikono yenu wenyewe.

(Kituo kifupi.)

Tuje kwenye jibu la pili. Bomba linafanya kazi kwa nguvu zake zote, na bado maji yanapanda. Hapo mtasikia bomba likikoroma, kwa sababu linameza maji na hewa pamoja. Mkoromo huo peke yake si ugonjwa. Ni bomba linalotuambia, "Nimekaribia mwisho wa nguvu zangu."

Wengi husema, "Ni mvua imejaza bwawa." Hebu tupime maneno hayo. Mvua ya milimita 50 ni mvua kubwa. Ikinyesha juu ya bwawa letu, itapandisha maji kwa milimita 50 zile zile, yaani sentimita 5 tu. Akiba yetu ni sentimita 30. Basi mvua iliyoanguka juu ya bwawa lenyewe siyo iliyolishinda bomba.

Ni nini basi? Ni maji ya mlimani. Tuseme juu ya bwawa kuna mteremko wa nusu hekta, yaani mita za mraba 5,000. Mvua ya milimita 50 juu ya mteremko huo ni lita 250,000. Tuseme nusu yake inanywewa na ardhi, na nusu inatiririka mpaka bwawani. Zinaingia lita 125,000. Gawanyeni kwa uso wa bwawa, mtaona kwamba maji yanataka kupanda sentimita 62. Akiba ni 30. Hakuna haja ya kuuliza kitakachotokea.

Dawa ya ugonjwa huu haiko kwenye bomba, iko juu ya bwawa. Chimbeni mfereji wa kukinga, unaopita upande wa juu na kuyachukua maji ya mlimani yapite kando. Pili, wekeni kizuizi katika mfereji wa kuingizia, kiwe ni ubao au mawe na udongo, na mkifunge kila mvua inapotaka kunyesha. Tatu, chagueni mahali pamoja pa ukingo, penye ardhi ngumu ya asili isiyochimbwa, mkapafanye njia pana ya dharura, iliyo chini kuliko ukingo wote kwa sentimita 15 hivi, na kuoteshwa nyasi. Maji yakizidi kabisa, yapite hapo bila kuula udongo.

Na mkinunua bomba jipya, kumbukeni jambo hili. Bomba la inchi 4 si mara mbili ya bomba la inchi 2. Mdomo wake ni mara nne. Mtu akifunga mabomba mawili ya inchi 2 akidhani yanatosha badala ya moja la inchi 4, amejipunja nusu.

Jibu la tatu. Maji yako chini ya mdomo, na nje bado yanatoka. Hapa tuangalie kwa makini yanatoka wapi. Kama yanatoka ndani ya bomba, basi elbo inavuja, au bomba limepasuka. Mara nyingi huwa ni elbo, kwa sababu bomba la kusimama huzungushwa na kulazwa wakati wa kupunguza maji, na kiungo hulegea. Subirini mpaka siku ya kuvua, bwawa litakapokuwa limekauka, mkakaze kiungo au kubadili mpira wake. Kwa wakati huu mwaweza kushindilia udongo wa mfinyanzi kukizunguka kiungo.

Lakini kama maji hayatoki ndani ya bomba, bali kando yake, kati ya bomba na udongo, hiyo ni dalili mbaya. Kingeni maji hayo katika bilauri nyeupe na kuyatazama. Kama ni safi na ni machache, yawekeni chini ya ulinzi, na myapime kila siku. Kama yana tope, basi msingoje hata siku moja. Tope hilo ni udongo wa ukingo wenu. Maji yanauchimba kutoka ndani, na ukingo ulio mzima kwa nje utaanguka kwa ghafla. Fungeni mfereji wa kuingizia, lazeni bomba la kusimama kidogo kidogo ili maji yapungue, na mwambieni bwana samaki wa kata au wilaya yenu. Bwawa likikauka, fukueni hapo, mshindilie upya udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka kuzunguka bomba.

Iko kasoro nyingine inayofanana na hii, nayo huwachanganya watu wengi. Wengine hawatumii bomba la kusimama. Hupitisha bomba katika ukingo, karibu na uso wa maji, na upande wa ndani hufunga elbo inayotazama chini, ili majani yasiingie. Ni wazo jema. Lakini siku ya mvua kubwa bomba hujaa maji kabisa, bila nafasi ya hewa. Hapo maji yanayoshuka nje huyavuta yale ya ndani nyuma yake, kama mtu anyonyapo petroli kwa mpira kutoka katika pipa. Mvua inakoma, maji yanafika kwenye kipimo chake, lakini bomba haliachi kuvuta. Huendelea mpaka maji yashuke chini ya mdomo wa elbo. Mwenye bwawa hustaajabu: jana mvua imenyesha, leo bwawa limepungua!

Dawa yake ni rahisi. Toboeni tundu moja, la unene wa penseli, juu ya elbo, mahali inapopinda. Maji yakishuka hapo, hewa huingia kwa tundu hilo, na mvuto hukatika. Tundu hilo lisafishwe mara kwa mara kwa kijiti, kwa maana likizibwa na utelezi au buibui, ugonjwa utarudi.

Jibu la nne. Maji yanapungua, na nje pakavu. Msilaumu bomba kabla ya kupima. Jazeni ndoo maji, mkaiweke ndani ya bwawa pembeni, imesimama imara juu ya mawe, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Tieni alama ndani ya ndoo, na tieni alama nyingine kwenye kijiti kilichochomekwa bwawani. Baada ya siku 3 zisizo na mvua, pimeni. Ndoo haivuji, kwa hiyo maji yaliyopungua ndani yake yamechukuliwa na jua na upepo. Kama bwawa limepungua sawa na ndoo, hakuna ugonjwa, ni kiangazi tu. Kama bwawa limepungua zaidi sana, basi udongo unakunywa maji yenu. Tafuteni mashimo ya kaa, ya panya na ya mchwa, na mizizi ya miti iliyooza ukingoni.

(Kituo kifupi. Mwalimu awaulize wanafunzi majibu manne bila kutazama ubao.)

Sasa ndugu zangu, naomba masikio yenu kwa mambo mawili zaidi.

La kwanza. Wako wanaofurahi kuona bomba likitiririka mchana kutwa. Husema, "Maji yangu yanabadilika, samaki wangu wana afya." Katika bwawa la udongo lenye mbolea, maji mazuri ni yale yenye rangi ya kijani. Kijani hicho ni chakula cha sato. Maji yakitoka siku nzima, chakula kinatoka nayo, na mbolea uliyoibeba kichwani inamnufaisha mtu wa bondeni. Siku ya kawaida ingizeni maji ya kufidia tu yale yaliyochukuliwa na jua na udongo. Lakini mkiwaona samaki alfajiri wanahema juu ya maji, hewa imepungua ndani, na hapo fungueni maji mapya bila kukawia.

La pili. Samaki anayetoroka kwa bomba si hasara ya mwenye bwawa peke yake. Katika miaka ya 1950 samaki wa kigeni walitiwa katika Ziwa Victoria, wakiwamo sangara na sato. Wavuvi walipata samaki wengi, lakini ngege, aliyekuwa samaki wa asili wa ziwa hilo na mwenye sifa kwa ladha yake, karibu atoweke katika ziwa kuu. Sato huzaana na jamaa zake wa asili, na hunyang'anyana nao chakula na mahali pa kuzalia. Kwa hiyo kichujio kizuri kwenye bomba ni ulinzi wa mto wa watu wote. Vilevile mwisho wa bomba kule nje uwe juu ya ardhi kwa sentimita 30 au zaidi, maji yaanguke, ili kambale wa mtoni asipande kwa bomba na kuingia bwawani kula samaki wachanga.

Na ninyi mnaofanya kazi mjini, msidhani somo hili haliwahusu. Katika mahoteli na nyumba nyingine samaki wa mapambo hufugwa katika matangi ya kioo. Maji hufurika kwa bomba, hushuka katika tangi la chini kusafishwa, kisha pampu huyarudisha juu. Sheria ni zile zile. Bomba la kushukia liwe na nguvu kuliko pampu. Kichujio kisafishwe kila siku. Liwekwe bomba la pili la akiba, juu kidogo ya lile la kwanza, lisilo na kazi ila siku ya hatari. Na kwa kuwa umeme hukatika, tangi la chini lisijazwe mpaka juu. Pampu ikisimama, maji ya juu hushuka mpaka yafike kwenye mdomo wa bomba, na yale yaliyomo mabombani hurudi chini. Kama tangi la chini halina nafasi, yatamwagika sakafuni. Jaribuni wenyewe: zimeni pampu mchana, mkiwapo, mtazame maji yanapoishia. Ni afadhali kujua mchana kuliko kuamshwa usiku.

Basi tufupishe somo letu. Bwawa lina mlango wa kuingia na mlango wa kutoka, na wa kutoka uwe mpana kuliko wa kuingia. Ukiona kasoro, jiulize maswali mawili: uso wa maji uko wapi, na nje panatoka nini. Tazama kabla ya kugusa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye bwawa naye akumbuke kwamba asiposafisha kichujio kwa dakika 5 jioni, huenda akajenga ukingo kwa wiki 5.

Maswali ya kujibu katika madaftari:

1. Akiba ya ukingo wa bwawa letu ni sentimita ngapi?

2. Ndoo ya lita 20 imejaa kwa sekunde 20. Je, kwa saa moja zinaingia lita ngapi?

3. Maji yako juu ya mdomo wa bomba, na ndani ya bomba maji yamejaa na kusimama. Kizuizi kiko wapi?

4. Maji yanatoka kando ya bomba, nayo yana tope. Taja mambo mawili ya kufanya upesi.

5. Kwa nini tunatoboa tundu juu ya elbo inayotazama chini?

Kazi ya nyumbani: wale wenye mabwawa, au wanaokaa jirani na mwenye bwawa, waende kesho na ndoo, wapime maji yanayoingia kwa saa moja. Kisha wapime akiba ya ukingo kwa rula. Waandike katika daftari: bomba likiziba, nina saa ngapi kabla ya hatari? Kila mtu alete jibu lake darasani, tulisome kwa sauti.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya siku ya kuvua: namna ya kupunguza maji bila kuwaumiza samaki, na namna ya kuwapeleka sokoni wakiwa wazima. Mpaka wakati huo, kwaherini, ndugu wanafunzi, na mwalimu wa darasa, kwaheri.